Sylvestre Munguriek, Aliyeandika na Kufuta Majina ya Bunia kwa Miaka Thelathini na Mitatu

Ijumaa tarehe 29 Juni 2012, siku moja kabla ya sikukuu ya uhuru, Bwana Sylvestre Munguriek anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi katika Karakana ya Vibao na Uchapaji ya Nyakasanza. Aliingia kwa mlango wa nyuma mwezi wa Mei 1979 akiwa na suruali moja na brashi mbili. Anatoka kwa mlango wa mbele akiwa na suruali nyingi zenye madoa na brashi zilezile mbili, maana hakuna aliyewahi kuruhusiwa kuzigusa. Mimi Valérie, ninayetunza ofisi hii tangu 1996, nimeombwa kuandika wasifu wake kwa ajili ya sherehe. Nilikubali kwa sharti kwamba yeye asiusome kabla, kwa sababu anasahihisha kila kitu, hata bahasha.

Alizaliwa karibu na Mahagi, katika familia ya Kikatoliki iliyotumaini kwamba angekuwa katekista. Badala yake akajifunza herufi kwa kuandika majina ya marehemu kwenye misalaba ya parokia. Anasema hakuna shule ngumu kuliko ile, kwa sababu mwenye jina hawezi kuja kulalamika, lakini ndugu zake wanakuja wote, na wanakuja na shangazi. Ndiyo maana alipofika Bunia hakuogopa mteja yeyote.

Namna yake ya kufanya kazi wengi wenu mnaijua. Hapimi kwa rula, anapima kwa shubiri. Hachori kwanza kwa kalamu ya risasi. Akimaliza herufi ya mwisho anavuka barabara, anakipa kibao mgongo, anakunywa chai yake yote bila haraka, halafu anageuka ghafla, kana kwamba anataka kukifumania. Kama jina halikumwingia machoni mara moja, anarudi na kufuta. Mwaka 1997 alimchorea mwenye bucheri mmoja ng'ombe mwenye macho ya huzuni kiasi kwamba wateja walikuwa wakiuliza habari za yule ng'ombe badala ya bei ya nyama. Mwenye bucheri akaomba ng'ombe afungwe macho. Sylvestre alikataa katakata, akamchorea mbuzi.

Ana imani moja ambayo ametuchosha nayo kwa miaka mingi, na leo lazima nikiri kwamba ni ya kweli. Anasema sifa ya nchi haiko kwenye redio, iko ukutani. Nchi ikiheshimiwa, watu wanaliweka jina lake juu ya mlango wa duka lao. Siku nchi hiyo ikichukiwa, wa kwanza kujua ni fundi wa vibao, kwa sababu wanamjia wakihema na kuomba jina lifutwe.

Jeshi la Uganda lilipoingia mji huu wakati wa vita, mwaka 1998, jambo hilo lilionekana katika karakana yetu kabla ya mwaka kwisha. Saluni ikataka kuitwa Kampala, duka la dawa likataka Entebbe, fundi wa baiskeli mwenye pampu moja akataka jina la ziwa zima. Wengine waliwapenda wale askari, wengine waliwaogopa, wengine walitaka tu wateja wenye mishahara. Sylvestre aliwaandikia wote kwa herufi nzuri bila kumuuliza mtu sababu zake.

Kibao kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha Mama Denise, katika mtaa wa Lumumba. Denise ni mzaliwa wa Boga, kusini mwa Bunia, na jina la mgahawa wake alikuwa nalo moyoni kabla ya askari yeyote, kwa sababu alijifunza kupika kwa shangazi yake aliyeishi Kampala. Sylvestre alimwandikia "Restora Kampala" kwa rangi nyekundu ya mafuta, kwenye kibao cha mita mbili juu ya mlango. Jina lilisomeka tangu kona ya barabara. Askari wengi walikula pale. Mmoja wao aliitwa Kule, Mkonzo wa Kasese huko Uganda, kijana mpole aliyependa ndizi kwa mchuzi wa karanga na aliyemwita Denise mama.

Mwanzoni mwa Mei 2003 mji ulijaa uvumi kwamba jeshi linaondoka. Hakuna aliyejua siku. Kule alikuja kula asubuhi kama kawaida, na Denise akamuuliza wazi kama ni kweli wanakwenda. Kule akajibu, "Kesho tutaonana, mama." Siku hiyohiyo kulikuwa na gari linalokwenda upande wa Boga, na Denise alikuwa amepata nafasi mbili, yake na ya mama yake mzazi aliyepooza miguu. Kwa ajili ya lile neno kesho, aliziacha. Kesho yake hapakuwa na Kule wala jeshi, na kabla ya wiki kwisha risasi zilikuwa zinalia mtaani.

Sitaeleza zile siku. Waliokuwepo wanazijua, na ambao hawakuwepo leo si siku ya kuwafundisha. Niseme tu kwamba risasi zilipotulia kidogo, mlango wetu ulianza kugongwa. Vijana wenye silaha walikuwa wanapita wakiuliza nani aliwalisha wageni, nani aliwauzia, nani alicheka nao. Waliolichukia lile jeshi walisema limefukuzwa, waliolizoea walisema limetuacha, na wote wakaja kwetu na ombi lilelile. Fundi wa baiskeli alikuwa wa kwanza. "Ufute mbiyo, papa," alimwambia Sylvestre. "Andika hata jina ya kuku."

Denise alikuja nyuma yake, akasema kwa sauti ndogo. "Papa Sylvestre, anza na kwangu. Mama hawezi tembea, na siye hatuna fasi ya kwenda."

Taabu ilikuwa rangi. Njia ya ziwani ilikuwa imefungwa, barabara imefungwa, na debe la mwisho la rangi nyeupe lilikuwa na kina cha kidole. Hapo ndipo fundi wetu mkuu alifanya kosa la fundi wa kupaka kuta, si la fundi wa vibao. Alichukua chokaa, akaikoroga na uji wa muhogo tunaobandikia matangazo, na kwa mchanganyiko huo akafunika vibao kumi na vinne kwa siku tatu. Juu yake akaandika majina mapya kwa ile rangi nyeusi kidogo iliyobaki. Mgahawa wa Denise ukawa "Restora Boga". Kwa mbali ulipendeza. Sylvestre alijua kwamba chokaa na uji havishikani na rangi ya mafuta, lakini alijiambia kwamba vitakaa mpaka mambo yatulie.

Wa kwanza kugundua walikuwa mbuzi. Walipata habari ya uji wa muhogo, wakaramba nusu ya chini ya kibao cha duka la dawa, na mwenye duka alipotoka nje alikuta miguu ya herufi za Entebbe ikimtazama. Tulicheka kwa dakika moja. Halafu Sylvestre akatazama mbingu upande wa milima, akaona wingu, akaacha kucheka.

Alipoondoka nilikuwepo, kwa hiyo hilo sisimulii la kuambiwa; ya njiani aliniambia mwenyewe. Alichukua ngazi na bisibisi. Nilimwambia asitoke. Nilimshika shati, na hilo shati bado analo, kola imechanika upande mmoja. Alitembea peke yake mpaka Lumumba katika mji ambao hata mbwa walikuwa wamejifungia. Alipofika, matone makubwa yalikuwa yameanza, na juu ya mlango wa Denise neno Boga lilikuwa linateremka ukutani kama maziwa yaliyomwagika. Nyuma yake, nyekundu na safi, ilikuwa inatokea Kampala.

Ndani ya nyumba Denise alikuwa ameketi kitandani, amemshika mama yake mkono. Alisikia bisibisi, akadhani ni watu wamekuja kuvunja mlango. Baadaye aliniambia kwamba hakulia siku ya risasi, alilia siku ile alipochungulia dirishani na kuona ni Sylvestre juu ya ngazi.

Alikifungua kibao, akakitwika kichwani, herufi zikitazama chini, akaanza safari ya kurudi. Penye njia panda vijana watano wenye bunduki wakamsimamisha. Mvua ilikuwa kubwa. Chokaa yote iliyobaki kwenye kibao ilikuwa inamtiririkia usoni, masikioni, ndani ya shati.

"Muzee, unabeba nini?"

"Kibao," akasema. "Mvula inaiharibisha."

Wangeweza kusema akigeuze. Hilo ndilo alilokuwa akilisubiri. Lakini mmoja wao alimtazama uso, akaanza kucheka. "Angalieni ye! Muzee amegeuka muzungu!" Wote wakacheka mpaka wakaegemea ukuta, na katika kucheka kwao wakampungia mkono apite. Sylvestre naye akacheka, kwa heshima, akapita. Alipoingia ndani ya karakana alikiweka kibao chini, akaketi juu yake, akaniomba chai. Mimi sijawahi kumshukuru Mungu kama siku ile.

Alirudi tena mara nne, mvua ikinyesha, akavishusha vibao vingine sita. Vilivyobaki, wenyewe walivishusha walipoona mfano. Hakuna aliyeguswa. Mji ulipotulia wale wateja walikuja kumshukuru kwa ushujaa wake, na yeye akawaudhi wote kwa kuwaeleza ukweli. "Ni miye nilikosa. Chokaa haikukosa kitu." Aliwaambia aliwapa kazi ya uongo akijua, na kwamba kama vijana wale wangekuwa na akili ya kugeuza kibao, lawama ingekuwa yake. Fundi wa baiskeli alisema hajawahi kuona mtu anakataa kuwa shujaa kwa nguvu hivyo. Tangu siku hiyo katika karakana kuna sheria ya mikono mitatu: hakuna jina linalofunikwa bila kupakwa rangi ya mafuta mara tatu, na kukaushwa siku tatu. Tina, anayeshika nafasi yake kuanzia Jumatatu, ameapishwa nayo.

Mwezi wa Juni mwaka uleule wakaja askari wa Ulaya, wengi wao Wafaransa, na mji ukapumua. Baada ya wiki moja tu, mlango ukagongwa tena: sasa wenye maduka wanataka jina la Paris. Sylvestre aliandika, lakini safari hii kila jina aliliweka kwenye ubao mwembamba wenye skrubu nne, na mteja akapewa bisibisi. Walipouliza kwa nini, alisema hawa nao wana kwao. Mwezi wa Septemba walikwenda, wakikabidhi kazi kwa wanajeshi wa Umoja wa Mataifa, na kila mtu akazifungua skrubu zake kwa utulivu. Kuna mtu bado ana Paris jikoni kwake, anakatia vitunguu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko miaka yote thelathini na mitatu.

Mwaka 2009 aliingia ofisini mwanamume mwenye tumbo kidogo na fulana ya kawaida. Alikuwa ameleta misumari na mabati kutoka ng'ambo ya mpaka, kupitia soko la Ariwara, na alikuwa amepangisha chumba sokoni. Alitaka kibao kikubwa, herufi nyekundu, chenye neno Kampala. Sylvestre alimtazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama herufi iliyopinda, akamtambua. Alikuwa Kule, bila sare.

Wakati ule biashara yetu ilikuwa inachechemea, na kibao cha mita tatu hakikuwa jambo dogo. Mimi nilikuwa nimekwisha kutoa karatasi ya oda. Sylvestre akaweka brashi chini. "Kibao nitakuandikia," alimwambia. "Lakini kuko mama moya pale Lumumba. Enda umuombe njia kwanza."

Niliona haya, nilikasirika, nilimkanyaga mguu chini ya meza. Mteja akiondoka, nilijisemea, atakwenda kwa fundi mwingine na sisi tutakula busara ya Sylvestre na chumvi. Lakini Kule hakukasirika. Aliinama kidogo, kama mtu aliyekuwa anangoja aambiwe.

Kwetu, na kwao Kasese pia, mgeni haondoki kwa kuinuka tu. Anaomba njia, mwenye nyumba anampa, ndipo anatoka. Hata ukiwa umekuja bila kualikwa, hata ukiwa umekaa kupita kiasi, unaomba njia. Katika mazungumzo ya mji kuhusu lile jeshi nimesikia lawama nyingi, nyingine kubwa sana, na wenye elimu wataziandika. Lakini akina mama sokoni walikuwa na moja waliyoirudia miaka yote: walikuja kama wenye mji, wakaondoka kama wezi wa kuku, bila kuomba njia. Ndilo jina ambalo Uganda nzima iliachiwa hapa, na wafanyabiashara wake wasio na hatia yoyote walilibeba mgongoni kila walipovuka mpaka.

Tulikwenda watatu, Sylvestre, Kule na mimi, maana nilikataa kubaki. Denise alikuwa anamenya ndizi. Alimtambua kabla hajavuka kizingiti, na kisu kikasimama mkononi mwake. Kule alibaki mlangoni.

"Mama, niliondoka bila kuomba njia. Nimekuja kuiomba."

Denise hakumkaribisha. "Ulinambia kesho," alisema. "Nilikuwa na fasi mu motokari, ya miye na ya mama. Nikaiacha juu ya neno yako."

"Tulikatazwa kusema, mama."

"Ile najua. Lakini miye sikuuliza jeshi. Nilikuuliza weye."

Sijawahi kuona mtu mzima akikosa mahali pa kuweka mikono yake namna ile. Hakusema habari za amri tena, wala za wakubwa. Alisema, "Nilikukosea," kwa sauti ya chini, na akaendelea kusimama. Mama yake Denise alikuwa bado hai wakati ule. Kutoka chumba cha ndani aliuliza kwa sauti ni nani amekuja. Denise alikiweka kisu chini. Kisha akajibu kwamba ni yule mutoto wa ndizi na karanga.

Akamgeukia Kule. "Njia iko," akasema. "Lakini ukule kwanza."

Alikula. Sote tulikula. Mimi nililia ndani ya sahani, na nasema hivyo bila aibu, kwa sababu Sylvestre naye alisingizia pilipili.

Kibao cha Kule kilikuwa tayari wiki iliyofuata. Hakikuwa na neno Kampala. Kilisema tu "Kwa Kule: Misumari, Mabati, Kufuli". Kule alikipokea kwa mashaka, akauliza nchi yake iko wapi. Sylvestre akamjibu, "Andika jina yako kwanza. Batu bakuzoee weye. Inchi itafuata nyuma." Na ilifuata. Baada ya miaka miwili alirudi akaomba neno Kasese kwenye kona ya chini, na hakuna mtu sokoni aliyelitupia hata jicho baya. Mwaka huohuo Denise naye alikuja kutaka jina lake la zamani juu ya mlango. Nilimuuliza kama haogopi. "Ile jina ilikuwa yangu mbele basoda bakuye," aliniambia, yaani kabla askari hawajaja. Sylvestre alilipaka mikono mitatu, akavuka barabara, akanywa chai yake, akageuka ghafla, na safari hii alisimama akilitazama mpaka chai ya pili ikaletwa.

Mafanikio mengine nayataja kwa haraka kwa sababu chakula kinapoa. Amefundisha mafundi kumi na mmoja. Amekubali kompyuta akiwa na miaka hamsini na nane, ingawa bado anaivukia barabara ili aone kama herufi zimesimama. Hajawahi kuandika vibaya jina la mtu. Amani yetu bado ina wasiwasi wake, usiku mwingine tunalala na viatu karibu na kitanda, lakini ukitembea Bunia leo ukisoma kuta utakuta majina ya miji ya watu yamekaa juu ya milango bila kuficha uso. Mengi ni mkono wake. Kila nikiyaona, nashusha pumzi.

Jumapili asubuhi Sylvestre anahamia Mahagi, kwenye nyumba aliyojijengea kidogokidogo, na mizinga yake ya nyuki, na mke wake Berthe ambaye amengoja kwa uvumilivu kuona kuta za nyumba yake mwenyewe zikipakwa rangi. Lori litakalombeba ni la Kule, na Kule mwenyewe ndiye dereva. Miaka tisa iliyopita, sauti ya lori kutoka ng'ambo ilitupeleka chini ya vitanda. Jumapili tutampandisha juu yake mtu tunayempenda kuliko wote hapa kazini, na wasiwasi wetu wote utakuwa kuhusu madebe yake ya rangi yasimwagike.

Baba Sylvestre, asante kwa kila jina uliloandika, na asante zaidi kwa yale uliyoyashusha kwenye mvua. Umetuomba njia mapema, mchana, mbele ya watu wote. Tunakupa. Uende salama na maisha yako huko yawe mema na marefu, na ukituandikia barua, usituletee pamoja nayo masahihisho ya wasifu huu.